Umefyatua gizani, umempiga nani?

BAADA ya darsa ya Maghrib katika msikiti mmoja hapa mjini Songea, mzee mmoja alibaki amekaa mpaka wenzake wote wakatoka kunyoosha miguu wakisubiri Isha. Akasogea, akauliza swali ambalo mwanzoni nililiona la kawaida: "Ustadhi, mtu akifunga miezi miwili mfululizo bila kuelekezwa na sheikh yeyote, kafara inasihi?" Nikamuuliza kafara ya nini. Akanyamaza, kisha akasema: "Ya mtu. Lakini sijui kama alikufa."

Miaka mingi iliyopita mzee huyu aliingia pori la upande wa Namtumbo pamoja na mpwa wake, kutafuta nyama. Walikuwa na gobole moja na hawakuwa na kibali. Wakajificha karibu na dimbwi ambalo wanyama huja kunywa maji, penye mkuyu mkubwa ulioinama. Usiku wa manane ukiwa umepita, wakasikia majani makavu yakivunjika ng'ambo ya maji. Hakuna kurunzi, hakuna kikohozi. Akafyatua. Kilichojibu hakikuwa mlio wa mnyama. "Alisema 'mama yangu', Ustadhi. Nilisikia vizuri." Wakakimbia mpaka alfajiri. Kijijini kwao hakukusikika msiba, naye hakuuliza, maana kuuliza ni kujitaja.

Msomaji wa mjini anaweza kushangaa kwa nini yule wa ng'ambo hakuwasha taa au kuita. Bila shaka naye alikuwa mwindaji wa aina ileile. Mapori ya Namtumbo na Tunduru ni ushoroba unaounganisha Selous na hifadhi ya Niassa huko Msumbiji, na wanaoupita usiku ni wa namna nyingi: mwenye njaa ya kitoweo, mfanyabiashara wa nyamapori, jangili wa meno ya tembo mwenye bunduki ya kivita, na askari wa wanyamapori anayewasaka wote hao. Tembo wa Selous walikadiriwa kuzidi 100,000 katika miaka ya 1970, lakini sensa ya mwaka 2013 iliwakuta kama 13,000 tu. Waliofanya kazi hiyo hawakupenda kuonwa. Kwa hiyo mwenye gobole huwaogopa wao, na wao humdhania mpelelezi. Tena gobole ni silaha ya risasi moja. Ukishafyatua, mpaka utie baruti, ushindilie, uweke goroli, mwenzio ameshakumaliza. Ndiyo maana kila mmoja hujiona hana budi kuwahi.

Nilimuuliza: "Mzee wangu, ulipofyatua, ulidhani ni mnyama au ni mtu?" Hapo akainamisha kichwa. "Nilidhani ni mbogo. Lakini nilikuwa naogopa watu."

Maneno hayo yamenikosesha usingizi. Wanavyuoni wetu wa fiq-hi wanapofafanua mauaji ya makosa, mfano wao mashuhuri ni huohuo wa anayelenga windo akampata mtu. Hukumu yake iko katika Suratun Nisaa aya ya 92: kafara, ambayo kwa asiyepata mtumwa wa kumwacha huru ni kufunga miezi miwili mfululizo, na diya kwa jamaa wa marehemu, ila wakisamehe. Aya hiyo haimtaji Muislamu peke yake. Aliye katika watu wenye mapatano nasi naye ana diya na kafara. Kwa hiyo hakuna haja ya kuuliza kama yule wa ng'ambo alikuwa akiswali msikitini au akisali kanisani Peramiho.

Lakini huo ni mfano wa aliyelenga windo. Aliyehisi kuwa ni mtu, akapiga kwa hofu, je? "Angenipiga yeye" ni hoja ya mtu aliyeshambuliwa. Kusikia majani yakivunjika si kushambuliwa. Allah (s.w.) anajua kilichokuwa ndani ya kifua cha mzee usiku ule, na mimi si kadhi wa vifua. Ninachoweza kusema ni kwamba sheria ya uwindaji katika Uislamu haikumwachia nafasi ya kufanya jambo kwa shaka.

Tazama hadithi ya Adiy bin Hatim, sahaba aliyekuwa mwindaji. Mtume (s.a.w.) alimfundisha kwamba akikuta mbwa wa mtu mwingine amechanganyika na mbwa wake juu ya windo, asile, kwani jina la Allah alilitaja kwa mbwa wake tu. Na mnyama aliyempiga mshale akimkuta amefia majini, asile vilevile, kwa kuwa hajui kama kilichoua ni mshale au ni maji. Haya ni ya nyama! Kama shaka inatosha kuutoa mnofu mdomoni, vipi isitoshe kukitoa kidole kwenye kifyatulio?

Wapo wanaosema wanyama ni wa Allah, serikali inahusika nini na vibali. Huo ni mjadala wa siku nyingine. Ninalolitazama hapa ni kwamba anayeingia kwa kujificha ameiacha salamu nyumbani. Hawezi kumwambia anayekutana naye "assalaam alaykum" wala "hodi", na neno hilo ndilo lingewaokoa wote wawili. Sisi wa mjini tusijitoe. Kitoweo kinacholetwa usiku ndani ya gunia, tukakilipia bila kuuliza, ndicho kinachompeleka mtu dimbwini.

Wala wenye mamlaka wasidhani wao hayawahusu. Aya ya 94 ya sura hiyohiyo, inayoamrisha kuhakikisha kabla ya kuua, haikushuka kwa sababu ya majangili. Kwa mapokezi ya Ibn Abbas, ilishuka juu ya Waislamu waliokuwa safarini vitani, waliokutana na mtu mwenye kondoo wake wachache. Aliwatolea salamu, wakamuua na kuchukua kondoo. Operesheni Tokomeza ilianza Oktoba 2013 ikasitishwa Novemba mwaka huohuo, kwa malalamiko ya mauaji, mateso na upotevu wa mifugo. Desemba mawaziri wanne wakaondoka madarakani kufuatia taarifa ya Kamati ya Bunge iliyoongozwa na James Lembeli. Ni kweli askari nao huuawa. Januari 2016 majangili walimtungua kwa risasi rubani Roger Gower katika Pori la Akiba Maswa. Lakini kufiwa hakumpi mtu ruhusa ya kupiga kivuli.

Nikarudi kwa mzee. Nilimwambia saumu ni haki ya Allah, na namuomba aikubali, ama diya ni haki ya watu, na miezi miwili ya njaa haiwalipi. Sharti aende vijiji vya jirani na pori lile aulize nani hakurudi mwaka ule. Ikithibiti, diya ya makosa haimwangukii peke yake. Jamaa wa ukoo wake huibeba naye kwa miaka mitatu. Sikumficha kwamba sheria ya nchi nayo ina lake.

"Na wakinifunga?" akauliza. Nilikosa jibu la haraka. Nikamwambia, nitakwenda naye.

Mpaka naandika haya hatujaenda. Kila Ijumaa namuona safu ya nyuma. Wiki iliyopita alinifuata yeye mwenyewe, akaniomba niliandike jambo hili gazetini bila jina lake, ila nisiuache ule mkuyu. "Huenda alipona, Ustadhi," alisema. "Akisoma habari ya mkuyu, atajua ni yeye."