Makusudi ya Mwaka Mpya

Wapendwa wakatekumeni, mwaka umekwisha. Kila mmoja na aulize moyo wake: siku zimekwenda wapi? Wako watakaokumbuka mafundisho waliyoyakosa kwa ajili ya shamba au ndagala, nao watasema: Heri niache. Wasiache! Mapadri Weupe waliofika Mpala mwaka 1885 walikuwa na kanuni ya Kardinali Lavigerie: miaka 4 ya matayarisho kabla ya Ubatizo. Kardinali alijua ya kuwa moyo haugeuki kwa siku moja.

Tazameni wavuvi wa Kalemie. Ndagala huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mvuvi hukaa ufukoni akitengeneza nyavu zake. Je, ameacha uvuvi? Hasha!

Basi, kusudi la mwaka mpya liwe dogo, hata la kuchekesha kidogo. Asiyepatana na jirani yake ajaribu kumtangulia kwa salamu, kama watoto wanavyoshindana mbio; kila akishinda, atie punje ya mahindi kibuyuni. Akishindwa leo, asizimwage punje za jana. Na jirani huyo akihama, achague mwingine. Watu wagumu hawakosekani kijijini.