Sikukuu ya Jirani

Wazee wetu walituachia methali mbili ambazo zikiwekwa pamoja hugombana. Ya kwanza husema kwamba mwacha mila ni mtumwa. Ya pili husema kwamba ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Mtu akaaye kwao aweza kuzishika zote mbili maisha yake yote asijue kuwa zina ugomvi, maana mila yake na mila ya mji wake ni moja. Lakini mtu aliyehama kwao akaenda kukaa ugenini, iko siku hujikuta amesimama katikati ya methali hizo, na mtoto wake amemshika mkono akingoja jibu.

Aghalabu siku hiyo huwa siku ya sikukuu. Nataka leo tulipime swali ambalo huulizwa katika nyumba nyingi zilizo mbali na kwetu: Je, wazazi Waislamu wakaao Ulaya na Marekani wawaache watoto wao washiriki katika sikukuu zisizo za Kiislamu, au wawazuie? Swali hili si la watu wachache. Hesabu ya watu iliyofanywa Uingereza na Wales mwaka 2021 ilionyesha kuwa Waislamu walikuwa karibu milioni 3.9, yaani kiasi cha sita na nusu katika kila watu mia. Miongoni mwao wamo jamaa zetu wa Mombasa, Lamu na Unguja.

Mimi nililetewa swali hili kwa barua. Binamu yangu, mzaliwa wa Mombasa, ni muuguzi katika mji mdogo wa kusini mwa Uingereza. Ana mume na binti wa miaka saba, na binti huyo ndiye Mwislamu wa pekee katika darasa lake. Shule nyingi za msingi za nchi ile, ifikapo Desemba, hucheza mchezo wa kuzaliwa kwa Yesu mbele ya wazazi. Watoto huvikwa nguo za Mariamu na Yusufu, za wachungaji na za malaika. Binti alichaguliwa awe malaika, naye pamoja na wenzake waimbe wimbo wa kumwabudu mtoto aliyezaliwa.

Baba alikataa. Mama alimwonea huruma mtoto, ambaye hakupata kuchaguliwa kwa jambo lolote kabla ya siku ile. Wakabishana usiku, sauti zao zikipanda, wakidhani mtoto amelala. Asubuhi yake binti alikwenda shuleni akamwambia mwalimu kwamba siku ya mchezo atakuwa mgonjwa. Jioni akarudi akamwambia baba yake kwamba mwalimu amemtoa katika mchezo, na mama yake akamwambia kwamba yeye mwenyewe haupendi tena. Kwa siku moja alisema uongo mara tatu, na kila uongo aliusema ili mtu mzima apate raha. "Kaka," binamu yangu aliandika, "wewe ni mwalimu, na watoto wa dini zote hupita mikononi mwako. Tupe shauri."

Tuanze na baba, kwa sababu ni rahisi kumcheka, na mtu asicheke hoja kabla ya kuisikiliza. Uislamu humheshimu Yesu, ambaye Waislamu humwita Nabii Isa. Katika Kurani imo sura iitwayo kwa jina la mama yake, Mariamu, na kuzaliwa kwake bila ya baba kumesimuliwa humo. Lakini Mwislamu haamini kwamba Isa ni Mwana wa Mungu, wala hamwabudu. Basi baba alipokataa wimbo ule hakuwa akimdharau Yesu. Alikataa mtoto wake asitamke kwa midomo jambo ambalo nyumba yake hailiamini kwa moyo. Hata Mkristo wa kweli, nadhani, hapendi ibada yake iimbwe kama kasuku na mtu asiyeikubali. Na hofu ya baba ilikuwa na mizizi mirefu. Mwanachuoni Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliandika kitabu kizima kuwaonya Waislamu wasiige sikukuu za watu wengine. Alijua kwamba sikukuu si chakula na nguo tu. Sikukuu ni mlango ambao imani huingia kwa kucheka na kuimba, na mtoto huupita mlango huo bila ya kuuliza.

Sasa tumsikilize mama. Mama aliona kitu kidogo ambacho baba hakukiona: uso wa mtoto. Mtoto wa miaka saba hana elimu ya kuzibagua imani. Ajualo ni kwamba wenzake wote wamo, naye hayumo. Mtoto aliyetengwa kila mara kwa ajili ya dini yake aweza kukua akiichukia dini hiyo, akiiona ni ukuta uliomnyima jua. Tena mama alikuwa na hoja ya dini pia. Imepokewa kwamba Asma binti Abubakar alimwuliza Mtume kama inafaa amtendee wema mama yake, ambaye hakuwa ameingia katika Uislamu, naye Mtume akamwamrisha amtendee wema. Wanachuoni wa zama zetu nao hawakusema neno moja. Wako wakatazao hata salamu za pongezi siku ya Krismasi. Na wako waliokuwa katika Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti, lililoanzishwa mwaka 1997, ambao hawakuona ubaya Mwislamu kumpongeza jirani yake kwa sikukuu yake, maadamu maneno yenyewe hayapingani na imani.

Ikiwa wenye elimu wamehitilafiana, mwalimu wa shule hana haki ya kukata hukumu ya dini, wala mimi sitaikata. Lakini liko jambo jingine ambalo mwalimu aweza kulisema, kwa sababu hilo ni jambo la malezi. Katika nyumba ile baba alikuwa na haki yake na mama alikuwa na haki yake, lakini wote wawili walimwachia mtoto mzigo ambao ulikuwa wao. Walibishana juu ya nini kiruhusiwe, wakasahau kuuliza nani atakwenda kwa mwalimu kusema. Aliyekwenda akawa ndiye mdogo kuliko wote, naye hakuwa na silaha ila uongo. Kama mchezo ule ungalimharibu sijui. Uongo ule najua ulikwisha anza kumharibu.

Kwa hiyo shauri langu la kwanza lilikuwa fupi: mtu mzima auchukue mzigo wa mtu mzima. Sheria ya elimu ya mwaka 1944 iliwapa wazazi wa Uingereza haki ya kumtoa mtoto wao katika ibada ya shule, na haki hiyo ingaliko hata leo. Mzazi akiingia shuleni akasema kwa upole yale anayoyakubali na yale asiyoyakubali, haombi jambo geni. Kukataa kunakosemwa wazi na baba ni heshima. Kukataa kunakofichwa na mtoto ni aibu, hata kama jambo lililokataliwa ni lile lile.

Shauri la pili lilikuwa kupambanua. Si kila kitu kilicho ndani ya sikukuu ni kitu kimoja. Kuna ibada, kama sala na wimbo wa kusujudu. Kuna ujirani, kama kualikwa chakula, kupeleka zawadi na kumtazama rafiki akicheza jukwaani. Na kuna michezo, kama ile ya usiku wa tarehe 31 Oktoba, ambapo watoto wa Marekani na Uingereza huvaa nguo za kutisha wakaenda mlango kwa mlango wakiomba peremende. Iko pia siku ya shukrani ya Wamarekani, Alhamisi ya nne ya Novemba, ambapo jamaa hukutana kumla bata mzinga. Waislamu wengine wa huko huiona kuwa ni karamu ya taifa, wakamchinja bata kwa njia ya halali wakala pamoja na jirani, na wengine hujizuia. Mzazi asemaye "yote" na mzazi asemaye "hata moja" wote wamejipunguzia taabu ya kufikiri. Mzazi mwenye busara hulitazama kila jambo peke yake, kisha humweleza mtoto kwa nini hili ndiyo na lile siyo. Sababu ikielezwa, mtoto hubaki nayo hata siku ambayo mzazi hayupo.

Shauri la tatu ndilo zito. Mkono mtupu haulambwi, na nyumba isiyo na furaha yake haiwezi kumkataza mtoto furaha ya wengine. Kwetu Kenya Idi-ul-Fitri ni siku ya mapumziko kwa watu wote, kama ilivyo tarehe 25 Desemba. Mtoto wa Mombasa huamka siku ya Idi akaukuta mji mzima umeamka pamoja naye. Kule Uingereza Idi si siku ya mapumziko ya taifa. Tena mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja kuliko mwaka wa jua, hata Idi huzunguka katika majira yote, na jirani hawezi kuikariri. Iliwahi kuangukia mwishoni mwa Desemba mwaka 2000, siku mbili hivi baada ya Krismasi, lakini miaka mingi huja siku ya kazi, mvua inanyesha, baba yumo kazini na mama yumo zamu. Jijini New York ilikuwa hivyo pia katika shule za umma, hata zilipoanza kufungwa kwa Idi zote mbili katika mwaka wa masomo wa 2015 na 2016. Nilimwuliza binamu yangu, "Mara ya mwisho binti yenu alikula Idi namna gani?" Akajibu kwamba alikwenda shuleni kama kawaida. Basi tushangae nini mtoto akiililia Krismasi? Yeye hakuililia imani ya watu. Aliililia siku ambayo watu hufurahi pamoja.

Vijana, huenda mkasema kwamba haya ni mambo ya Ulaya. Siyo hata kidogo. Katika pwani yetu jirani Mkristo, akitaka Waislamu wale kwake siku ya Krismasi, humwita Mwislamu aje achinje kuku. Siku ya Idi sinia ya pilau huvuka ua, na sahani hairudi tupu. Hakuna aliyebadili dini kwa sinia ile, na hakuna aliyedanganya. Kila mmoja amejua mpaka wa mwenziwe, akaulinda kama mpaka wake mwenyewe. Wala haki hii si ya Waislamu peke yao. Wako Wakristo wa Kenya wafanyao kazi katika nchi za Ghuba. Hao nao wana haki ya kuheshimu Ramadhani ya wenyeji wao bila ya kulazimishwa kuifunga. Ukitaka kujua kama hukumu yako ni ya haki, igeuze, uone kama ungaliipenda lau wewe ndiwe mgeni.

Nimalize habari ya binti yule. Wazazi walikwenda shuleni wote wawili, wakasema yote, pamoja na uongo wa mtoto na sababu yake. Mwalimu hakukasirika. Alimwondoa katika wimbo akampa kazi ya kuvuta kamba ya pazia. Baba hakuridhika sana. Aliona kwamba hata pazia ni kushiriki, na mpaka leo ana maoni hayo. Lakini alikwenda, akaketi safu ya nyuma, akamtazama binti yake akilifungua pazia na kulifunga kwa wakati wake. Ilipofika Idi iliyofuata, mama aliomba ruhusa kazini, wakapika pilau, na watoto wanne wa darasa lile walialikwa. Mwalimu naye alikuja, akauliza kabla ya kuingia kama avue viatu.

Sidai kwamba pazia ndilo jibu la kila nyumba. Nyumba nyingine itakubali zaidi, nyingine itakubali pungufu, na kila moja itaulizwa na Mungu wake. Nisemalo ni kwamba mtoto aliyeambiwa kweli, akapewa sababu, akawa na sikukuu yake mwenyewe ya kumkaribishia rafiki, aweza kukaa karibu na sikukuu ya jirani asipotee. Na mtoto aliyenyimwa hayo matatu aweza kupotea hata akifungiwa nyumbani.