Tawasifu ya Mshindi na Wasomaji Wake

Tawasifu ya mtu aliyeushinda ufukara na ubaguzi wa rangi huibua swali la kifalsafa kabla ya kuwa suala la fasihi: maisha ya mtu mmoja yanathibitisha nini kuhusu maisha ya wengine? Msomaji hufunga kitabu moyo umempanda. Swali ni kama amepata ujuzi wa kweli juu ya dunia anayoishi, au ameliwazwa tu kwa jioni moja.

Kitabu kinachofaa kulipimia swali hili ni Up from Slavery cha Booker T. Washington, kilichotoka mwaka 1901. Washington alizaliwa mtumwa katika shamba la Virginia. Baada ya uhuru wa 1865 familia yake ilihamia Malden, West Virginia, na huko akawekwa kazini kwenye tanuri za chumvi angali mtoto. Maandishi ya kwanza aliyoweza kuyasoma yalikuwa 18, namba iliyotiwa kwenye mapipa ya baba yake wa kambo. Baadaye, akiwa ndani ya mgodi wa makaa, aliwasikia wachimbaji wawili wakizungumzia shule ya watu weusi iliyoko Hampton. Mwaka 1872 akafunga safari ya kilomita 800 hivi, mahali pengine kwa miguu, na alipofika Richmond hana kitu akalala uvunguni mwa njia ya mbao ya waenda kwa miguu. Hampton aliingia na senti 50. Mwalimu mkuu hakumpa karatasi ya mtihani. Alimwambia akafagie chumba. Akakifagia mara tatu, akapangusa vumbi mara nne, kuta, benchi na meza. Mwalimu akatoa leso yake akaipitisha juu ya mbao, ikatoka safi, naye kijana akapokelewa.

Wasomaji wengi wa kitabu hicho hukumbuka mfagio kuliko hotuba zote za mwandishi, na sababu iko wazi: kufagia kila mtu anaweza. Aristotle, katika kitabu chake cha ufasaha wa usemi, alitenganisha husuda na ghera. Mwenye husuda huumia kwa kuwa mwenzake anacho. Mwenye ghera huumia kwa kuwa yeye mwenyewe bado hajakipata, na maumivu hayo humwamsha akitafute. Ghera, kwa maoni yake, huwashwa na watu wanaofanana nasi na mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Maisha ya mfalme hayamtii mchungaji ghera. Ya mtoto wa tanuri za chumvi humtia.

Immanuel Kant alikuwa mgumu zaidi. Katika kitabu chake cha 1785 kuhusu misingi ya maadili aliandika kwamba kuiga hakuna nafasi katika maadili, na kwamba mifano ina kazi ya kutia moyo tu, yaani kuondoa shaka kwamba jambo linalotakiwa linawezekana. Kauli hiyo inaonekana kuidunisha mifano, lakini ndiyo inayoipa tawasifu kipimo chake sahihi. Maisha ya mtu mmoja huthibitisha kwamba jambo linawezekana. Hayathibitishi kwamba juhudi peke yake inatosha. Mwenye kutaka kuona tofauti hiyo aurudie mkasa wa Hampton polepole. Ufundi wa kusafisha Washington alikuwa ameupata katika nyumba ya mwenye mgodi, ambako mama wa nyumba alikuwa mkali kwa vumbi. Shule yenyewe ilikuwa imefunguliwa 1868 kwa fedha za wamisionari, na karo ya Washington ililipwa na mfadhili. Nyuma ya yote hayo kulikuwa na vita vilivyovunja utumwa. Juhudi yake ilikuwa ya kweli, ila ilikuta mlango umeshajengwa na wengine, na kitabu chenyewe hakifichi hayo. Ni wasomaji wanaoyaruka.

Hapa tawasifu ya mshindi inatofautiana na ushuhuda wa kidini, ingawa umbo ni lile lile: nilikuwa kule, sasa niko hapa. Katika mikutano ya uamsho uliosambaa kutoka Gahini, Rwanda, kuanzia miaka ya 1930 hadi Uganda, Kenya na Tanganyika, mtu husimama akasimulia alivyookolewa, na sifa zote huenda kwa Mungu. Kwa kuwa wokovu ni neema, msikilizaji ambaye bado hajaupata halaumiwi kwa uvivu. Tawasifu hupeleka sifa kwa juhudi, na juhudi ikisifiwa mno, aliyebaki nyuma hugeuka mshitakiwa. (Shuhuda za siku hizi za magari na nyumba zina kasoro hiyo hiyo, kwa sababu zimeigeuza neema kuwa mshahara.) Hivyo hadithi inayomwinua maskini mmoja inaweza kuwatweza maskini elfu, bila mwandishi kukusudia.

Namna kitabu cha Washington kilivyosomwa yaonyesha kwamba msomaji hutoka na kile ambacho nafasi yake inamruhusu kukiona. Marcus Garvey wa Jamaika alikisoma akiwa London, akajiuliza iko wapi serikali ya mtu mweusi, majeshi yake na meli zake, mambo ambayo Washington hakuyagusa. Mwaka 1914 akarudi Kingston akaanzisha chama chake. Julius Rosenwald, tajiri wa biashara huko Chicago, alikisoma mwaka 1910, na mpango uliofuata ulijenga shule zipatazo 5,000 za watoto weusi kusini mwa Marekani. Michango ya watu weusi wenyewe ilizidi fedha zake. Nao watawala wa kikoloni wakachota yao. Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki mwaka 1924 ikipendekeza elimu ya mikono kwa mfano wa Hampton na Tuskegee, shule aliyoiongoza Washington, na mwaka uliofuata shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete, Kenya. Mfagio uliomfungulia kijana mmoja njia ukawa sera ya kuwatosheleza wengi kwa mfagio.

Lawama ya hilo haiwaangukii wasomaji tu. Washington aliandika kitabu chake akiwalenga hasa wafadhili weupe. Tawasifu yake nyingine, iliyotoka 1900, ilikuwa imeuzwa kwa wasomaji weusi. Mwaka ule ule wa Up from Slavery, 1901, Alabama ilipitisha katiba iliyowanyang'anya karibu watu weusi wote haki ya kupiga kura, na Washington akagharimia kwa siri kesi za kuipinga. Jambo hilo halikujulikana sana hadi miaka mingi baada ya kifo chake mwaka 1915. Mwaka 1903 mwanazuoni mweusi W.E.B. Du Bois alimshutumu hadharani kwa kunyamaza. Pengine hatua iliyohitaji ujasiri kuliko zote ndiyo isiyomo katika kitabu cha kutia watu moyo.

Richard Wright, mwandishi mweusi wa Mississippi, alipata tatizo la upande wa pili: mwisho wa tawasifu yake ulichaguliwa na wengine. Akiwa Memphis katika miaka ya 1920 hakuruhusiwa kuazima vitabu maktabani, basi akaazima kadi ya mzungu mmoja kazini, akaghushi barua kana kwamba ametumwa, na kwa njia hiyo akamsoma mwandishi H.L. Mencken, akishangaa kwamba maneno yanaweza kutumiwa kama silaha. Muswada wa tawasifu yake ulikuwa na sehemu mbili, Kusini na Chicago. Klabu kubwa ya vitabu ilitaka ya kwanza tu, na Black Boy ya 1945 ikaishia kijana akielekea kaskazini na matumaini. Sehemu ya pili, ambamo kaskazini nako kuna njaa, ubaguzi na upweke wa kisiasa, ilitoka kama kitabu mwaka 1977, baada ya Wright kufariki, na sehemu zote mbili zikaunganishwa 1991. Toleo fupi lilisisimua wengi kwa ushindi. Toleo kamili halina ushindi wa namna hiyo. Linalobaki ndani yake ni mtu mwenye njaa anayeendelea kutafuta sababu ya njaa yake, na kazi hiyo msomaji anaweza kuianza hata pale ambapo hakuna treni ya kwenda kaskazini.