Nishani Moja, Migongo Mingi

Nakaa Kawangware. Vijana wengi hapa hutoka alfajiri kwenda mjengo. Jengo likiisha, jina linalobandikwa getini si lao. Ndiyo maana nishani ya Paul von Lettow-Vorbeck hunipa maswali. Novemba 1914 aliilinda Tanga kwa watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika, dhidi ya jeshi la Waingereza la watu kama 8,000. Mwaka 1916 Ujerumani ikamvika Pour le Mérite, yeye.

Na upande ulioshinda vita, je? Wanubi wa KAR waliwapigania Waingereza, wakaishi Kibera bila hatimiliki. Jamii yao ilikabidhiwa ya ekari 288 mwaka 2017.

Sawa, jemadari alikuwa hodari. Lakini sifa inayowaruka waliopigana ni deni, na dawa ya deni ni kulipa.