Usipoweza na Usipotaka

Mchezo ni mfano mdogo wa ulimwengu. Watu hupatana juu ya sheria zake, kisha sheria zile huwatawala wao wenyewe. Kwa hiyo si upuuzi kwa mwanafunzi wa maadili kuitazama karata moja ya mchezo na kuuliza: uwezo huu hulipiwa na nani?

Mwaka 1993 Richard Garfield, mwanahisabati wa Marekani, alitoa mchezo wa karata uitwao Magic: The Gathering. Wachezaji hujifanya wachawi washindanao. Kwa kawaida kila mmoja huanza na nukta 20 za uhai, na fungu la karata alizozikusanya na kuzichagua mwenyewe. Karata za ardhi humpa nguvu iitwayo mana, na kwa mana huwaita viumbe wa kumpigania. Kila kiumbe ana tarakimu mbili: ya kwanza yaeleza pigo awezalo kulitoa, ya pili pigo litoshalo kumwua. Pamoja na tarakimu hizo huandikwa uwezo wake. Uwezo mwingine ni wa daima, kama kuruka. Mwingine hungoja mpaka mchezaji aulipie. Na mwingine huamka wenyewe saa yake ifikapo, apende mwenye karata asipende.

Miongoni mwa viumbe wa mwaka ule wa kwanza yumo Lord of the Pit, yaani Bwana wa Shimo. Ni shetani aitwaye kwa mana 7, mwenye tarakimu 7 na 7. Huruka, basi viumbe wengi waendao kwa miguu hawawezi kumzuia. Hukanyaga, basi azuiwapo na kiumbe dhaifu, pigo lizidilo humwangukia mchezaji aliyejificha nyuma ya kiumbe huyo. Mapigo yake matatu yatosha kuzimaliza nukta 20 za adui. Lakini uwezo wake wa tatu humgeukia aliyemwita. Kila zamu ya mchezaji huyo ianzapo, hana budi kumtoa kafara kiumbe wake mwingine. Asipoweza, Bwana wa Shimo humpiga yeye mwenyewe pigo la 7.

Yamkini mtu atasema kwamba hapa hapana dhuluma. Duniani wauzao nguvu huificha bei. Shetani huyu ameiandika kifuani. Amwitaye amesoma, amepima na amekubali. Analalamikia nini?

Hoja hii ni njema, ila imewahesabu wawili, na katika mapatano haya wamo watatu. Yuko mchezaji, yuko shetani, na yuko kiumbe mdogo atolewaye kafara. Mapatano ni ya wawili wa kwanza. Malipo ni ya wa tatu. Uwazi ni jambo moja na haki ni jambo jingine. Deni, hata likiandikwa kwa herufi kubwa, halimfungi ambaye hakulikubali.

Tena tulitazame neno lile “asipoweza”. Maneno rasmi ya karata hayasemi “asipotaka”. Kama yangalisema hivyo, mchezaji mwenye huruma angaliweza kujitokeza na kusema: mwache huyu, nipige mimi. Kanuni haimpi nafasi hiyo. Maadamu ana kiumbe mwingine mezani, lazima amtoe. Ana hiari ya kuchagua nani afe. Hana hiari ya kuchagua kwamba asife mtu. Kuumia mwenyewe ni zamu imfikiayo baada ya wanyonge wake wote kwisha. Wahenga walisema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi; lakini nyasi zile hukanyagwa kwa kuwa zimo njiani, na hizi zimewekwa njiani na sheria.

Mwaka 1994 ilitoka karata nyingine, Breeding Pit, ambayo mwenyewe akiigharimia kila zamu huzaa kiumbe mdogo asiye na pigo hata moja. Mchezaji aziunganishaye karata hizi mbili amepata utulivu: mmoja huzaliwa mwisho wa zamu hii, naye hutolewa mwanzo wa zamu yake ijayo. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1785, alikataa binadamu kufanywa chombo tu cha makusudi ya mwingine. Kiumbe huyu hana maana nyingine ila kuwa chombo.

Hapana shaka karatasi haina machozi, na mchezaji hatendi dhambi kwa kuitupa. Lakini mpangilio huu si wa karatasi peke yake. Mara ngapi mkuu wa nyumba, wa kazi au wa nchi husema “sikuweza kufanya vingine”, naye kwa lugha ya kanuni asema kweli?

Jibu lake limo katika karata ile ile. Bwana wa Shimo hajiiti. Hapana sheria imlazimishayo mchezaji kumtia katika fungu lake, wala kumwita akisha kumshika mkononi. Basi neno “usipotaka” limo mchezoni, ila mahali pake ni kabla ya wito. Anayeingoja siku ya kafara ndipo aulizwe hiari yake, amechelewa. Nayo hesabu ya kutoweza kwake yaanzia siku aliyotaka.