Kishikwambi na Yakini: Je, Hisabati Yahitaji Mwalimu?

Swali la kama elimu yaweza kupatikana pasipo mwalimu ni la zamani katika miji ya mwambao, lakini mwishoni mwa mwaka 2017 lilipata sura mpya mkoani Tanga, pale watoto wapatao 2,700 katika vijiji karibu 170, vikiwamo vya Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani, walipogawiwa vishikwambi, yaani kompyuta bapa zinazoendeshwa kwa kuguswa na kidole, vyenye programu za Kiswahili za kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu. Hiyo ilikuwa hatua ya mwisho ya shindano la kimataifa la XPRIZE, lililoishirikisha Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Wengi wa watoto hao hawakuwahi kukaa darasani, vifaa vilichajiwa kwa umeme wa jua, na programu zilitakiwa zimwezeshe mtoto kujifunza mwenyewe, bila mtu mzima wa kumwongoza. Mwezi Mei 2019, baada ya majaribio ya miezi 15, programu za onebillion ya Uingereza na Kitkit School zilitangazwa washindi, na zote zilizofika fainali zikaachwa wazi ili yeyote azitumie na kuzirekebisha bila malipo.

Kwa mtu aliyelelewa katika mila za madrasa, jambo hili halipiti hivi hivi. Elimu ya dini hupokewa kwa ijaza, yaani idhini anayopewa mwanafunzi na mwanachuoni aliyemsomesha kitabu ana kwa ana, na ijaza hiyo hubeba mlolongo wa majina ya waliotangulia, kwa kuwa habari iliyopokewa haiwezi kuhakikiwa kwa akili peke yake na usahihi wake husimama juu ya uaminifu wa wapokezi. Hata hivyo Ibn Khaldun, mwanahistoria wa karne ya 14 aliyezaliwa Tunis, alizitenga elimu za mapokezi na elimu za akili, na hesabu akaiweka katika hizi za pili. Kabla yake mwanachuoni al-Ghazali (1058–1111) alieleza kwamba lau mtu angegeuza fimbo kuwa nyoka ili kuthibitisha kuwa 3 ni zaidi ya 10, yeye angeustaajabia uwezo huo, lakini asingeingiwa na shaka hata chembe juu ya hesabu.

Kwa hoja hiyo, hisabati ndiyo elimu inayoweza kukabidhiwa mashine kwa hofu ndogo kuliko zote, maana ukweli wake hautegemei heshima ya anayeusema. Lakini hapo hapo ndipo penye hatari. Mtoto anayeulizwa 8 na 5 ni ngapi aweza kutoa 2 katika 5, akaikamilisha 8 iwe 10, kisha akaongeza 3 zilizobaki. Mwenzake aweza kubahatisha mpaka kioo kimsifu. Wote wawili wamepata 13, ila wa pili amekuwa mtu wa taklidi, yaani anayefuata kauli bila kuijua hoja yake, na anachokifuata ni sauti ya kifaa.

Hatari hiyo haiishii kwa watoto wadogo. Mwanafunzi wa sekondari anayetumia GeoGebra, programu ya bure iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter wa Austria mwaka 2001, aweza kuchora pembetatu, akaivuta ncha yake huku na huko, na kila mara akaona pembe za ndani zikijumlika kuwa nyuzi 180. Kuona huko ni neema kubwa, hasa kwa aliyezoea kunakili kanuni ubaoni, lakini bado si uthibitisho. Uthibitisho huanza pale anapochora kupitia ncha ya juu mstari ulio sambamba na kitako, akatambua kwamba pembe mbili za chini zinajirudia huko juu kandokando ya ile ya tatu, na zote tatu zinaujaza mstari mnyoofu. Mwenye hoja hii hujua pia mpaka wake, kwa sababu juu ya uso wa mviringo wa dunia, mabaharia wanakopima njia zao, mistari sambamba ya namna hiyo haipo, na pembe za pembetatu huzidi nyuzi 180. Aliyetosheka na kuona tu hana la kumjulisha kanuni yake inakomea wapi.

Kwa hiyo mwalimu hahitajiki ili hisabati iwe kweli. Anahitajika ili amuulize mwanafunzi kwa nini, kisha awe na subira ya kusikiliza jibu lililopinda. Hata shindano lenyewe halikuacha vishikwambi vijitolee ushahidi: ili kujua watoto wa vijiji vile wamejifunza nini, ilibidi watu wafunge safari, wakae na mtoto mmoja mmoja na kumuuliza.