Hesabu na Hadithi

Neno hesabu katika Kiswahili lina maana mbili zikaazo nyumba moja. Maana ya kwanza ni kujua idadi ya vitu: mbuzi wangapi, vibuyu vingapi, siku ngapi. Maana ya pili ni kujibu kwa ajili ya vitu hivyo. Mchungaji hutoa hesabu ya mifugo aliyokabidhiwa. Mweka hazina hutoa hesabu ya fedha za watu. Na waumini huingoja siku ambayo kila nafsi itatoa hesabu ya matendo yake. Lugha haikuzitenga maana hizi. Ajuaye idadi ya kitu amekwisha kubeba sehemu ya dhamana yake. Darasani, hata hivyo, maana ya kwanza aghalabu hufundishwa peke yake, na ya pili huachwa mlangoni. Ndiyo sababu yafaa kuuliza: mtoto mdogo afundishwe namba zikiwa tupu ubaoni, au azikute ndani ya hadithi yenye picha? Swali hili huonekana kuwa la walimu tu, lakini lina jambo la maadili ndani yake.

Ni vigumu kupata mahali pa kulipimia swali hili palipo bora kuliko wilaya za Mbulu na Hanang katika Mkoa wa Manyara. Katika nchi hiyo ya Bonde la Ufa na mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, lugha za asili mbalimbali hukutana. Wairaqw husema lugha ya Kikushi. Wadatooga, ambao Wabarbaig ni tawi lao kubwa, husema lugha ya Kiniloti. Wanyiramba, Wanyaturu na Waisanzu wa jirani husema lugha za Kibantu. Wahadzabe wa bonde la Yaeda husema lugha ya vidoko, ambayo wataalamu wengi hawajaipatia ndugu. Mtoto wa Kiiraqw hujua wak, tsar, tam kabla ya kujua moja, mbili, tatu. Na afikapo mibaangw nee wak amesema kumi na moja kwa mpango ule ule wa Kiswahili. Kihadza kina majina yake ya moja na mbili, lakini baadhi ya majina yafuatayo yaliazimwa kwa Wadatooga na Wasukuma. Hili si dalili ya upungufu wa akili. Jina la namba huzaliwa pale haja yake izaliwapo, na watu ambao asali, mizizi na nyama yao hugawanywa na kuliwa bila kuwekwa akiba hawana ghala la kuhesabia.

Mtoto wa nchi hiyo aingiapo shuleni hukuta namba za Kiswahili, nazo zina desturi zake. Ng'ombe ni wawili, vibuyu ni viwili, miti ni miwili, mawe ni mawili, nyumba ni mbili; lakini sita, saba na tisa hazibadiliki kamwe. Kwa aliyelelewa na Kiswahili mambo haya ni mepesi kama kupumua. Kwa aliyelelewa na lugha nyingine ni maneno matano kwa jambo moja. Hapo picha hufanya kazi ambayo maelezo ya mwalimu hayaiwezi. Ukurasa wenye ng'ombe wawili, chini ya miti miwili, kando ya mawe mawili, humwonyesha mtoto kwamba kipo kitu kisichobadilika ingawa neno lake limebadilika mara tatu. Kitu hicho hakina rangi, hakina uzito, wala hakishikiki kwa mkono. Mtoto akiisha kukitambua amevuka mlango wa hisabati. Kadhalika thelathini ni neno lenye asili ya Kiarabu, wala halionyeshi tatu ndani yake. Picha ya mizigo mitatu ya kuni, kila mzigo vijiti kumi, hulifumbua neno hilo kwa mtazamo mmoja.

Wako watu wasemao kwamba hadithi ni sukari juu ya dawa. Hoja yao ni kwamba hisabati ni elimu ya kuvua vitu nguo zake: fisi watatu na nyota tatu ni sawa mbele ya namba, na mtoto azoeaye fisi hatazifikia nyota. Hoja hii haifai kudharauliwa. Kweli zipo hadithi ambazo mtoto hukumbuka fisi na kusahau tatu. Lakini kosa hilo ni la mtungaji, wala si la hadithi. Kipimo cha kitabu chema cha namna hii ni chepesi: ondoa namba, kisha tazama. Hadithi ikiendelea kusimama, namba ilikuwa pambo. Hadithi ikianguka, namba ilikuwa nguzo.

Mfano waweza kubuniwa. Msichana anapeleka malishoni ndama 7: mweupe mmoja, weusi wawili, wekundu wanne. Asubuhi wanatoka zizini wamesongamana, wakijaza pembe moja tu ya ukurasa. Mchana wametawanyika bondeni, wakienea kurasa mbili. Jioni mvua inakuja. Wanaingia mmoja mmoja, na mlango unafungwa. Maneno ya kitabu hayasemi kwamba kuna tatizo. Mtoto ndiye anayeona kwamba zizini wamo 6. Hufungua kurasa za nyuma, hulinganisha rangi, hugundua kwamba ni mwekundu mmoja asiyeonekana. Hapo amefanya kazi ya kutoa kabla hajafundishwa alama ya kutoa, naye ameifanya kwa sababu kuna ndama anayelowa.

Ukurasa wa mchana una faida nyingine. Jean Piaget wa Uswisi, katika kitabu alichotoa pamoja na Alina Szeminska mwaka 1941, alieleza kwamba mtoto mdogo aonapo safu mbili zenye vitu sawa, kisha safu moja ikatandazwa, aghalabu husema kwamba ile ndefu ina vingi zaidi. Jicho lake huupima urefu na kudhani limepima idadi. Mwalimu aweza kumkanusha, naye mtoto atakubali kwa heshima pasipo kusadiki. Lakini mtoto aliyewafuata ndama wale wale tangu zizini mpaka bondeni anajua kwamba hakuna aliyezaliwa njiani. Hadithi imempa sababu ambayo safu ya vifuniko vya chupa haikumpa.

Kuna pingamizi la pili, nalo ni la ndani zaidi. Katika jamii nyingi za wafugaji wa Afrika ya Mashariki, kuhesabu watu au mifugo kwa kidole kumedhaniwa kuwa jambo baya, na mchungaji hodari hujua aliyepotea kwa rangi, pembe na mwendo wake, si kwa idadi. Mwalimu mwenye haraka huita desturi hiyo ujinga. Lakini ndani yake mna hofu yenye maana: kwamba kitu kikiisha kuwa namba, chaweza kubadilishwa kwa kingine bila majuto. Kitabu cha picha huijibu hofu hiyo kwa adabu. Huwahesabu ndama saba bila kumnyima hata mmoja sura yake. Mtoto hujifunza idadi, na hapo hapo huona kwamba wa saba si sawa na yeyote.

Basi picha hizo ziwe za nani? Mwaka 1971 Muriel Feelings alitoa huko Marekani kitabu cha picha kiitwacho Moja Means One, kilichochorwa na Tom Feelings, ili watoto wa Kimarekani wajifunze namba za Kiswahili. Ni kazi nzuri, na moja yake ni mlima Kilimanjaro. Mtoto wa Katesh ana moja yake mwenyewe, imesimama peke yake nyuma ya mji kila asubuhi. Nchini Tanzania, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianzishwa mwaka 1991 ili kupunguza uhaba wa vitabu vya Kiswahili kwa watoto. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliamuru mwaka mmoja wa elimu ya awali, na mtaala uliofuata uliweka kusoma, kuandika na kuhesabu mbele ya yote katika madarasa mawili ya mwanzo. Zitajwapo hizo tatu pamoja, ni rahisi kusahau kwamba mtoto aweza kuzifanya zote katika ukurasa mmoja.

Hatari ya kuzitenga ilionekana wazi katika wilaya ya Hanang yenyewe. Katika miaka ya 1970 na 1980, kwa msaada wa Kanada, shirika la serikali la NAFCO lilifungua huko mashamba 7 ya ngano, yaliyochukua takriban ekari 100,000, sehemu kubwa ikiwa malisho bora ya Wabarbaig. Ekari zilihesabiwa, na mavuno yalihesabiwa. Njia za mifugo kwenda majini hazikuingia katika jumla hiyo, wala makaburi ya wazee wenye heshima, yaitwayo bung'eda, ambayo baadhi yake yalipitiwa na majembe ya trekta. Namba zile hazikuhitaji kuwa za uongo ili zidhulumu. Ilitosha kwamba hazikuwa na hadithi. Aliyezijumlisha hakujua alichokuwa akikijumlisha.

Lakini dhuluma ya upande wa pili ni kubwa vile vile. Mfugaji aijuaye hadithi yote ya fahali wake, mama yake na ukoo wake, naye hawezi kutoa bei moja katika nyingine mnadani, hurudi nyumbani na hadithi tupu. Na azijuaye nyimbo zote za ardhi yake, naye hawezi kusoma idadi ya ekari katika karatasi aliyoletewa kutia kidole, huitoa ardhi pamoja na nyimbo. Hadithi bila namba huibiwa. Namba bila hadithi huiba.

Kwa hiyo kumfundisha mtoto hesabu kwa hadithi si kumbembeleza. Ni kuzirudisha maana mbili za neno katika nyumba yao. Siku moja atahesabu bila ndama na bila picha, na ni vyema iwe hivyo, maana elimu hukua kwa kuacha mikongojo yake. Lakini mtoto ambaye somo lake la kwanza la kutoa lilimfanya aulize, "Yule mwekundu yuko wapi?" amejifunza kuhesabu na kutoa hesabu kwa pamoja. Atakapokuwa mtu mzima mwenye kalamu na daftari la watu, huenda akaangalia tena, kabla ya kufunga mlango, kama wote wameingia.